SISI WAPIGA KURA
Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya wanachama, Moshono



Leo kikundi chetu kinatimiza miaka 10, na baada ya chakula tutachagua viongozi wapya. Kabla ya hapo tunaomba tuseme juu ya neno moja: wapiga kura.

Neno kura limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza siyo kuchagua. Ni kuiachia bahati iamue. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Mathiya alivyopata nafasi ya Yuda: alipigiwa kura. Na sisi tulianza hivyo hivyo. Tulikunja vikaratasi vyenye namba, tukavitia kwenye kikapu, kila mmoja akaokota zamu yake ya mchezo.

Mwaka wa pili mwenzetu mmoja aliokota namba ya mwisho. Wiki ileile mtoto wake akalazwa. Tulimwonea huruma, lakini tukasema, "Ndiyo kura yako, mama, tufanyeje?" Akauza ng'ombe wake wa maziwa. Jambo lile lilituuma. Kikaratasi hakijui mwenye shida. Mkutano uliofuata tukapiga kura ya namna nyingine: kila mama akaulizwa, akaandika ndiyo au hapana. Ndipo mfuko wetu wa dharura ulipozaliwa.

Basi mpiga kura siyo mwokotaji wa bahati. Ni mtu aliyeulizwa. Na kuulizwa hakukuja hivi hivi. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, ili uandikishwe ulitakiwa uwe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo. Mama zetu wengi waliobeba ndizi kwenda sokoni hawakuhesabiwa. Leo Katiba inampa haki kila raia aliyefikisha miaka 18. Haiulizi ana ng'ombe wangapi. Kazi yetu ni kuhakikisha majina yetu yamo daftarini.

Akina mama, leo kila mmoja atapewa karatasi tupu. Usimwandike jirani kwa kuwa ni jirani, wala wifi kwa kuwa ni wifi. Mwandike atakayetunza daftari na sanduku letu. Yule mwenzetu aliyeuza ng'ombe amekubali kuzihesabu kura.