Kelele ya gari yetu, na maswali matano kabla ya kutoa feza

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya komite katika mukutano wa wanachama, Baraka

 

Leo hatukuja na maneno makubwa. Tumekuja kuongea juu ya kelele. Gari yetu munaijua, ile Hilux ya milango mine tuliyonunua ikiwa imetumika. Ndiyo inabeba mawese na mihogo ya wamama, ndiyo inachukua mugonjwa usiku, ndiyo inakwenda kupokea wenzetu Uvira. Kwa miezi mitatu kila aliyeipanda alisikia kitu kinagonga chini: ko-ko-ko-ko. Watoto waliishaipa jina, wanaiita Ngoma. Sisi komite tulikosea juu ya ile kelele, na kosa letu lilikula feza yenu. Tutaeleza yote bila kuficha, kiisha tutasema tulichojifunza.

Ilianza hivi. Siku moja gari ikitoka Uvira, baada ya kupita Makobola, shofere alisikia kitu kinagonga mbele. Alituambia siku ileile. Tulimujibu: barabara ni mbaya, gari gani haigongi? Wiki zikapita, kelele ikaongezeka. Tukaipeleka kwenye garaji. Fundi alikaa ndani ya gari, akaendesha dakika mbili, akashuka akasema: amortisa zote 4 zimekufa. Hakuinua gurudumu hata moja. Na sisi hatukumuuliza amejuaje. Tuliuliza tu: ni feza ngapi? Tukalipa dola 240.

Gari ikarudi. Kabla hata ya kufika Mboko, ko-ko-ko.

Fundi mwingine akasema ni giaboksi, dola 600. Hapo tuliandika barua ya kuwaomba wafadhili wetu zile dola 600. Barua ilikuwa imeisha, ilibaki sahihi tu. Na kesho yake gari ilikuwa ipande Fizi kuchukua watu, kiisha ishuke nao ile milima. Munaijua ile njia.

Katika kikao cha kutia sahihi, mama mumoja muuza mawese akaomba neno. Alisema: "Baba, mimi nakaa mbele kila siku ya soko. Hii kelele iko upande wangu, karibu na miguu. Na kila mara shofere akigusa breki kidogo, inanyamaza. Nilishasema mara mbili, hakuna aliyenisikia." Ni kweli, alikuwa ameshasema. Sisi tuliona mama wa mawese atajua nini habari za gari.

Kijana wetu mumoja akasimama. Wengi munamujua, alikuwa anatengeneza baiskeli tangu kambini Lugufu. Akasema: "Baiskeli ikilia, mimi sinunui kitu kwanza. Naigeuza, nazungusha gurudumu, natikisa, nasikiliza. Gari nayo ina magurudumu." Tukatoka nje wote. Wakalegeza kidogo nati za gurudumu la mbele upande wa yule mama, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu mengine, wakainua gari kwa kriki, wakaegemeza na gogo nene, kiisha wakatoa gurudumu. Ile chuma inayobana plaketi za breki kwenye diski, mafundi wetu wanaiita etriye, inashikwa na buloni 2. Moja haikuwepo. Ya pili ilizungushwa kwa vidole tu.

Wandugu, kelele yote ilikuwa pale. Gari ikipita kwenye mashimo, etriye inacheza na kugonga. Shofere akigusa breki, inabana diski, inatulia, inanyamaza. Ile buloni ya pili ingetoka kwenye muteremuko wa Fizi, etriye ingeweza kuachia au kukwama kwenye gurudumu, na watu wakiwa ndani. Plaketi zilikuwa zimebadilishwa miezi michache mbele, na aliyerudisha buloni hakuzikaza sawasawa. Hatukukagua kazi yake. Buloni 2 mpya zilitugharimu dola 5. Ile barua ya dola 600 tuliipasua.

Sasa, tulichojifunza. Fundi anayejua kazi yake anaiuliza kelele kama vile muganga anavyomuuliza mugonjwa. Hata wewe usiyejua spana unaweza kuuliza. Tumeandika maswali matano, yamebandikwa ndani ya mulango wa gari.

La kwanza: je, ni gari inalia, au ni muzigo? Toa vyote kwanza. Kriki, spana, chupa, madumu, minyororo. Angalia gurudumu la akiba lililoning'inia chini nyuma, kama limekazwa. Kazi hii haina bei, na mara nyingi inamaliza habari.

La pili: gari ikisimama, injini ikiwaka, kelele ipo? Ikiwa ipo, usihangaike na magurudumu. Tafuta kwenye injini na kwenye bomba la moshi. Sauti ya bati jembamba linalotetemeka, inayokuja kwenye mwendo fulani wa injini tu, mara nyingi ni lile bati la kukinga joto lililolegea juu ya bomba. Bomba likiwa limepoa, ligonge kwa ngumi, utasikia. Mukanda wa chuma wa kukaza unatosha. Lakini mugongo mzito wa ndani ya injini, unaokwenda mbio injini ikienda mbio, huo si wa kuchezea. Zima, upime oili. Dizeli zinagongagonga kidogo kwa asili yake, kwa hiyo shofere aijue sauti ya kila siku ya gari yake, ndipo atajua imebadilika.

La tatu: inalia kwenye mashimo tu? Hapo tazama vyuma vinavyobeba gurudumu na mipira iliyo katikati yao. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki, wewe utikise tena. Kucheza kukiisha, shaka iko kwenye beringi. Kukibaki, tafuta kwenye viungo, zile rotili. Kiisha shika kushoto na kulia: likicheza hapo, tazama pia viungo vya usukani. Na amortisa? Iliyokufa mara nyingi inavuja mafuta, na gari ukiigandamiza kwenye kona na kuiachia, inaendelea kurukaruka. Zetu zilikuwa kavu, na gari ilikuwa inatulia mara moja. Tungetazama, tusingelipa.

La nne: inabadilika ukigusa breki, au ukikata kona? Ikinyamaza kwenye breki, fungua upande wa breki, kama tulivyoona. Ikilia ka-ka-ka wakati wa kukata kona, na ni gari inayovutwa na magurudumu ya mbele, angalia viungo vya mashafti ya mbele.

La tano: inafuata mwendo wa gurudumu? Kama inagonga polepole gari ikienda polepole, na haraka ikienda haraka, hata ukitoa gia, basi ni kitu kinachozunguka na magurudumu. Simama, kagua nati. Nati zinakazwa kwa kuvuka, moja huku na ya pili ng'ambo yake, si kwa kuzunguka duara. Na kila gurudumu lililotolewa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100. Tunafikiri wengi wetu hatukuwa tunafanya hivyo.

Tunaongeza onyo moja. Mutu asiingie chini ya gari iliyosimama juu ya kriki peke yake. Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Tia gogo nene au kigoda cha chuma. Na kelele ikigusa breki, usukani au nati, gari haitembei mpaka iangaliwe, hata kama soko linangoja.

Wandugu, sisi tuliovuka ziwa kwa meli kutoka Kigoma, na mafurushi yetu kichwani, tulizoea kambini kupanga foleni na kupokea kilichotolewa. Hatukuzoea kuuliza. Tulipewa, tukashukuru. Ile desturi tumerudi nayo. Kwenye garaji vilevile: fundi amesema, sisi tumelipa. Na ndani ya komite, mama amesema, sisi hatukusikia, juu hakuwa fundi. Kumbe yeye ndiye alikuwa na jibu, kwa sababu alikaa karibu na kelele kila siku ya soko.

Kwa hiyo komite imeamua mambo manne, tunaomba mukutano uyakubali. Moja, kuna daftari ndani ya gari. Shofere au abiria akisikia kitu anaandika: lini, upande gani, gari ikifanya nini. Asiyejua kuandika ataandikiwa. Mbili, feza ya matengenezo haitoki kabla maswali matano hayajajibiwa na fundi hajatuonyesha kwa macho kilichoharibika. Tatu, kipande kilichotolewa kinarudi ofisini, tukione. Ine, yule kijana wa baiskeli atafundisha vijana 6 kukagua magurudumu na nati kila Jumamosi asubuhi.

Kwa wafadhili wetu: zile dola 240 za amortisa ziko kwenye hesabu yetu, hatukuzificha chini ya jina lingine. Amortisa mpya zinatumika, hazikutupwa, lakini hatukuzihitaji wakati ule. Hatuwaombi dola 600. Tukiomba kitu mwaka huu, ni kriki nzuri, vigoda 2 vya chuma, na spana ya magurudumu. Hivi ndivyo vingetuonyesha ile buloni tangu wiki ya kwanza.

Na wewe mama wa mawese, uko pale nyuma unajificha, komite inakuomba radhi mbele ya watu wote. Kiti cha mbele ni chako. Endelea kusikiliza.