Gari Moja, Askari Wangapi? Kinga ya Moto katika Mji wa Ushirombo



Moto hausubiri zamu. Chumba chenye magodoro na viti vya sponji huweza kuwaka chote katika dakika chache tangu cheche ya kwanza. Kutoka Geita au Kahama hadi Ushirombo ni zaidi ya kilometa 70. Gari la zimamoto likitoka huko kwa mwendo wa kilometa 70 kwa saa, pasipo kusimama popote, litatumia zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo idadi ya askari walio zamu karibu na mji inagusa uhai wa kila kaya.

Wananchi huhesabu magari. Jeshi huhesabu watu. Juma lina saa 168. Askari akifanya kazi saa 42 kwa juma, kiti kimoja ndani ya gari huhitaji askari 4 ili kisibaki wazi usiku na mchana. Zikiongezwa likizo, maradhi na mafunzo, hesabu hufika 5. Gari la watu 6, pamoja na dereva na kiongozi wao, hudai askari 30. Kituo chenye askari 10 hutoa watu 2 tu kwa zamu. Hao wawili hawawezi kuendesha pampu, kushika mpira wa maji na kuingia ndani kumtoa mtoto kwa wakati mmoja, hata gari likiwa jipya.

Wengi huuliza kwa nini halmashauri isiajiri wazimamoto wake. Zamani vikosi hivyo vilikuwa chini ya serikali za mitaa. Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na ajira za askari hutoka huko. Hata hivyo, halmashauri ina sehemu yake: kutenga kiwanja cha kituo, kupanga masoko yenye njia za gari, na kupeleka hoja ya upungufu ngazi za juu. Hoja hiyo hupata nguvu inapoanzia kwenye mikutano ya vijiji na Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Hatari za eneo hili zinajulikana. Barabara kuu hupitisha malori ya mafuta yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo. Huko Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Waliofariki walizidi 100. Katika machimbo, wazimamoto hao hao huitwa kwa uokoaji. Januari 2017, wachimbaji 15 walitolewa wakiwa hai katika mgodi wa Nyarugusu, mkoani Geita, baada ya siku kadhaa chini ya ardhi. Askari wakiwa kwenye duara lililotitia, nani atakuwa zamu mjini?

Hadi ikama itimie, dakika za kwanza ni za majirani. Asili ya watu wa huku ni kuitika mwano. Desturi hiyo iongezewe maarifa. Piga simu 114 mapema, kabla moto haujakua, utaje kitongoji, na shule, kanisa, msikiti au soko lililo karibu. Mtu mmoja asimame barabarani kulielekeza gari. Moto wa umeme usimwagiwe maji: zima swichi kuu kwanza. Moto wa mafuta hufukiwa kwa mchanga. Petroli ya bodaboda isiwekwe kwenye madumu ndani ya duka wanamolala watu. Uchochoro wa soko usizibwe kwa meza, kwani gari lisilopita halizimi kitu.

Maji nayo yana hesabu yake. Tangi la lita 5,000, pampu ikitoa lita 1,000 kwa dakika, huisha kwa dakika 5. Kila kata ijue mapema pa kujazia: bwawa, kisima chenye pampu au tangi la shule.

Askari wa kutosha wadaiwe kwa utaratibu, bila kuchoka. Na kila kaya, usiku wa leo, ikague waya zake na ndoo yake ya mchanga.