Bima ya Samani Mpya: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kutia Sahihi



Katika sherehe hii ya miaka kumi mmekwisha kusikia habari za mizani, maghala na bei za mazao. Sisi wa Kamati ya Elimu tumeombwa tuseme juu ya fedha zikishafika nyumbani; nasi tumechagua jambo moja linalotuletea maswali kila msimu wa malipo, yaani bima ya samani mpya.

Mwanachama akishalipwa hununua kabati, makochi na meza. Pale dukani, noti zikiwa bado mkononi, mwuzaji humwambia kwamba akiongeza kiasi kidogo samani zake zitakuwa na bima. Neno ni jema, lakini yafaa kuuliza: bima ya nani, na ya nini? Huenda karatasi ile ni ahadi ya mwuzaji mwenyewe ya kutengeneza kitakachovunjika, wala hapana kampuni ya bima nyuma yake. Duka likifungwa, ahadi nayo imefungwa. Tena, kwa sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi ana haki zake hata bila karatasi hiyo. Kochi likiachia mguu katika wiki ya kwanza kwa sababu ya gundi mbaya, hilo ni la mwuzaji kulijibu. Mnunuzi asilipie haki yake mara ya pili.

Na tuseme ni bima kweli. Bima hulipa ajali zilizotajwa katika hati, kama moto au wizi wa kuvunja nyumba. Hailipi uchakavu. Nasi sote twajua ni nini kinachomaliza samani katika nyumba zetu: mchwa wanaopanda kutoka sakafuni, mbao kubunguliwa na wadudu, unyevu wa masika. Haya huja polepole, na kwa kawaida hati huyatoa katika orodha ya mambo yasiyolipwa, ambayo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Mwenye kukata bima kwa kuogopa mchwa ni sawa na aliyenunua kufuli ili azuie panya.

Shimo kubwa zaidi liko katika thamani. Tufanye hesabu. Samani zote za nyumba ni za Sh. 4,000,000. Mwenyewe, ili apunguze ada, aandikisha Sh. 2,000,000. Moto watokea, waharibu vitu vya Sh. 1,000,000. Yeye hudhani atalipwa zote, kwa kuwa hasara haikufika kiasi alichoandikisha. Lakini hati ikiwa na sharti la uwiano, nalo ni sharti la kawaida, aliyekatia bima nusu ya mali huhesabiwa kuwa amejibebea nusu iliyobaki. Atapata Sh. 500,000, tena baada ya kupunguzwa kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho hati humwachia mwenye mali. Kuandikisha zaidi ya thamani nako hakusaidii, maana fidia hurudisha hasara, haileti faida. Na aulize kama atalipwa bei ya kitu kipya au ya kitu kilichotumika. Kwa kochi la miaka mitano tofauti si ndogo.

Wanaochukua samani kwa malipo ya awamu watazame jina la mlipwaji. Mara nyingi fidia hulipa kwanza deni la duka, na mwanachama hubaki na kilichosalia, kama kipo.

Tangu mwaka 1967 hadi soko lilipofunguliwa kwa sheria ya mwaka 1996, sisi wa Tanzania Bara tulijua mlango mmoja tu, Shirika la Bima la Taifa. Leo milango ni mingi, na mawakala ni wengi zaidi. Kwa hiyo mtu asione haya kumwomba wakala aonyeshe leseni yake, iliyotolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Wakala mwema hatakasirika. Naye mwanachama ajibu kweli anapoulizwa habari za nyumba. Akificha kwamba huweka madumu ya petroli uani, kampuni yaweza kukataa kulipa.

Mwisho, stakabadhi za duka na picha za samani zisiwekwe ndani ya kabati lililokatiwa bima. Ziwekwe kwa ndugu, katika nyumba nyingine.