Maneno juu ya Uchovu wa Wauguzi

Ndugu zangu, mkimwona muuguzi aliyekuwa mpole amegeuka mkali, msifanye haraka kusema tabia yake imeharibika, huenda amechoka. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitaja dalili tatu za uchovu huo: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na mtu kujiona hafai kitu kazini. Wala halikuuita ugonjwa, bali jambo litokalo katika taabu ya kazi isiyotulizwa. Basi dawa yake yaanzia kazini: wakuu wapange zamu zenye mapumziko. Muuguzi naye alale, tena amweleze mwenzake yaliyomlemea. Nasi wenye wagonjwa tumsalimu kabla ya kumwagiza. Taa isiyotiwa mafuta huzimika.