Uvimbe Kunywea Si Kupona



Mama mwenye saratani ya titi iliyofika kwenye matezi ya kwapani huweza kupewa dawa kali kabla ya upasuaji, na uvimbe ukanywea. Asidhani amepona. Kupapasa hakutoshi, wala picha peke yake. Sharti matezi yatolewe, yapimwe kwa darubini.

Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba, yakipimwa tu yale machache yanayopokea kwanza majimaji ya titi, ugonjwa uliobaki haukugunduliwa kwa wagonjwa wapatao 13 katika kila 100 waliokuwa nao bado. Ndiyo maana madaktari wengine hutia alama ndogo ya chuma katika tezi lenye ugonjwa kabla ya dawa, ili baadaye walitoe lilo hilo. Nasi wakaguzi twajua: gunia la mashaka hutiwa alama mapema, lisipotelee ghalani.

Ndugu makatibu, mwanachama akiomba nauli ya kurudi hospitali baada ya dawa, msimwambie kwamba amekwisha kupona. Hesabu yake haijafungwa.