Hewa, Mkono, Kisha Macho: Namna ya Kutathmini Umbo la Nje la Kompyuta ya Mezani



Mada hii inatuhusu sisi tunaoombwa ushauri shule au ofisi inapotaka kununua kompyuta za mezani, pamoja na walimu wanaowafundisha vijana usanifu wa vifaa. Nitazungumzia kasha tu, lile sanduku ambalo maofisini wengi wetu tunaliita sipiyu. Hoja yangu ni kwamba kasha halitathminiwi kwa macho peke yake. Tuanze na hewa, tufuatie mkono, na rangi na urembo vije baadaye. Tukigeuza mpangilio huo tutalipa alama za juu sanduku la kupendeza linalochemsha prosesa.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni Power Mac G4 Cube, iliyotolewa na Apple Julai 2000. Ilikuwa mchemraba wenye upana usiofika sentimita 20, ukining'inia ndani ya ganda angavu la akriliki. Haikuwa na feni. Hewa baridi iliingia kwa chini, ikapata joto, ikapanda yenyewe na kutokea kwenye matundu ya juu, na kwa hiyo mashine ilikuwa karibu kimya kabisa. Fundi alipotaka kuitengeneza aliilaza kichwa chini, akabonyeza mshikio ukachomoza, akavuta kiini chote nje bila bisibisi. Ni kazi ya kustaajabisha, na si ajabu kwamba jumba la makumbusho la MoMA mjini New York linaihifadhi.

Lakini tuiweke mezani. Upande wa juu, hewa ya moto inapotokea, ni bapa, na mahali bapa ofisini pana kawaida ya kuwekewa karatasi. Kitufe cha kuwashia kiko upande huohuo, tena ni cha kugusa tu, kwa hiyo mtu anayefuta vumbi anaweza kuizima mashine bila kukusudia. Nyaya zinachomekwa chini ya tumbo, na kila unapotaka kuongeza waya huna budi kuiinamisha. Wanunuzi walilalamikia mistari kwenye akriliki iliyofanana na nyufa. Kampuni ilisema ni alama za kalibu. Bei ilianzia dola 1,799, skrini ukinunua mwenyewe. Julai 2001 Apple ilisimamisha uzalishaji. Mimi ningeipa alama zote za kufunguka na chache sana za kukaa mezani pamoja na binadamu.

Linganisheni na Power Mac G3 ya buluu na nyeupe ya mwaka 1999, kutoka kampuni hiyohiyo. Ilikuwa na vishikio katika pembe nne na komeo ubavuni. Unavuta komeo, mlango unalala chini na ubao mama ukiwa umelala juu yake, kila kitu kiko wazi mbele yako. Hakuna aliyepaswa kufundishwa pa kushika. Kwangu mimi hilo ndilo kasha bora zaidi kati ya haya mawili, ingawa si lile linalopigwa picha nyingi.

Kosa la umbo kutangulia hewa lilirudi na Mac Pro ya 2013, mcheduara mweusi wenye feni moja juu. Mwaka 2017 Craig Federighi, mmoja wa wakuu wa Apple, alikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba usanifu ule uliwabana upande wa joto: haukuacha nafasi ya kadi ya grafiki moja yenye nguvu kubwa. Toleo la 2019 likarudi kwenye sanduku refu, uso wake wote ukiwa matundu.

Sasa tugeukie makasha tunayokutana nayo. Tangu Intel itoe kiwango cha ATX mwaka 1995, nyuma ya makasha mengi panafanana. Uhuru wa msanifu uko mbele na ubavuni. Hapo ndipo siku hizi wanapobandika kioo kizito, hewa ikaachiwa mwanya mwembamba kando. Jaribio lake ni rahisi. Washa mashine, ipe kazi nzito, kisha shika kipande cha karatasi laini mbele ya matundu ya kuingizia hewa. Ikinyonywa ikanata, vema. Ikining'inia tu, kile kioo cha mbele ni pambo linaloziba njia.

Baada ya hapo tafuta chujio la vumbi. Kuwa nalo hakutoshi; tazama linatokea upande gani. Chujio la chini linalovutwa kwa mbele litasafishwa. Linalovutwa kwa nyuma, ambako kuna ukuta na nyaya, halitaguswa mpaka kompyuta ianze kujizima. Katika vumbi la Dodoma tofauti hiyo ni kubwa. Kwa wenzetu wa Tanga, Mombasa na Unguja, kagueni pia kingo za bati zilizokatwa bila kupakwa rangi, maana hewa ya chumvi huanzia hapo kuleta kutu.

Mkono nao una maswali yake. Je, kitufe cha kuwashia unakipata bila kuinama? Matundu ya USB yameachana kiasi cha kuchomeka flashi nene mbili kwa pamoja? Bonyeza ubavu kwa dole gumba: bati likibonyea, litapiga kelele feni zikizunguka. Kompyuta nyingi za Dell OptiPlex, ambazo huku kwetu zinauzwa sana zikiwa zimetumika, hazina urembo wowote, lakini unavuta komeo na ubavu unatoka. Mwalimu wa maabara yenye mashine nyingi anajua thamani ya jambo hilo.

Urembo nauheshimu kwa dhati. Mwanafunzi huketi kwa hamu mbele ya kitu kilichosanifiwa kwa uangalifu, na haki ya kitu kizuri si ya matajiri peke yao. Ninachoomba ni upewe alama zake mwishoni, na kasha lililoonekana kwenye picha tu lisipewe alama yoyote ya hewa wala ya mkono.

Kwa zoezi la mchana, kila kundi litapewa kasha moja lenye mashine inayofanya kazi. Mlifungue, mvute chujio, mshike karatasi mbele ya matundu, na fomu ya urembo mtagawiwa baada ya zile za hewa na mkono kukusanywa.