Mlinganyo wa Göttingen na Maduka ya Grenadierstraße: Kwa Nini Manufaa Hayamkingi Mgeni



Mada hii inagusa mambo mawili ambayo vyuo vyetu huyafundisha katika majengo tofauti: hesabu zinazoeleza mwenendo wa atomu, na chuki inayomwandama mgeni mwenye kiduka. Historia ya Ujerumani kati ya 1923 na 1938 iliyakutanisha, na ninaamini historia hiyo inaidhoofisha hoja tunayoiegemea mno tunapowatetea wafanyabiashara wahamiaji, kwamba waachwe kwa sababu wana faida.

Tuanze na duka. Mwaka 1923, katika mtaa wa Scheunenviertel mjini Berlin, waliishi Wayahudi wengi waliotoka Poland na Galicia: mafundi cherehani, wauza nguo kuukuu, waoka mikate. Mfumuko wa bei ulikuwa umefikisha mkate mmoja kwenye mabilioni ya maki. Novemba 5 umati wa watu wasio na kazi ulikwenda kuchukua posho kwenye ofisi ya ajira, ukaambiwa fedha zimekwisha. Wachochezi wakapita katikati yao wakisema Wagalicia ndio waliozinunua zote. Muda si muda maduka ya Grenadierstraße na Dragonerstraße yalikuwa yanavunjwa, na wenyewe wanapigwa barabarani. Deni lilikuwa la serikali, lakini aliyelipishwa ni muuza nguo kuukuu.

Chini ya miaka miwili baadaye, katika Chuo Kikuu cha Göttingen, Werner Heisenberg alirudi kutoka kisiwa cha Helgoland na hesabu iliyomtatanisha yeye mwenyewe. Katika hesabu za kawaida, 3 mara 5 ni sawa na 5 mara 3. Katika hesabu yake, mahali pa elektroni mara kani-mwendo (momentum) yake si sawa na kani-mwendo mara mahali. Profesa wake, Max Born, aligundua kwamba kijana huyo alikuwa anazidisha matriksi, yaani majedwali ya namba, bila kuzijua. Wakishirikiana na Pascual Jordan, waliujenga mfumo kamili mwaka huohuo wa 1925, na tofauti kati ya mazao yale mawili ikaonekana kufungamana na namba thabiti ya Planck. Mwaka 1926 Born akaongeza jambo kubwa zaidi. Wimbi lililomo katika mlinganyo wa mwanafizikia Schrödinger halituambii elektroni iko wapi; kipeo cha pili cha ukubwa wake ndicho kinachotupa uwezekano wa kuikuta mahali fulani. Hakuna mwanafunzi wa fizikia katika ukumbi huu asiyeitumia kanuni hiyo.

Sasa tazameni tarehe. Aprili 1, 1933, mgambo wa chama cha Nazi walisimama kwenye milango ya maduka ya Wayahudi nchi nzima kuwazuia wateja. Aprili 7 ikatoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma. Aprili 25 Born akasimamishwa kazi. Kutoka mlango wa duka hadi kiti cha profesa zilipita siku 24. Wala Born hakuwa mhamiaji. Alizaliwa Breslau, ndani ya Ujerumani ya wakati huo, na alilitumikia jeshi la nchi hiyo katika Vita Kuu ya Kwanza. Aligeuzwa mgeni kwa karatasi. Jordan, aliyeandika naye milinganyo ile, alijiunga na chama cha Nazi mwaka huohuo. Jambo hili hunihuzunisha kila ninapofundisha somo hili, kwa sababu sisi walimu tungependa kuamini kwamba elimu ya kina huponya chuki.

Hata milinganyo yenyewe ilishtakiwa. Philipp Lenard na Johannes Stark, wote wawili washindi wa Tuzo ya Nobel, walihubiri kwamba nadharia ya uhusianifu na fizikia mpya ya hesabu ni za Kiyahudi. Mwaka 1937 gazeti la SS lilimwita Heisenberg, asiye Myahudi, "Myahudi mweupe". Oktoba 1938 Wayahudi wa Poland wapatao 17,000 walikamatwa na kusukumwa mpakani, na usiku wa Novemba 9 maduka na biashara zipatazo 7,500 zilivunjwa. Wakati huo Born alikuwa anafundisha Edinburgh. Nobel ya kazi yake ya 1926 ilimfikia mwaka 1954.

Kama faida ingekuwa kinga, nani angekingwa kabla ya mtu huyu?

Ninauliza hivyo kwa sababu ya Afrika Kusini, ambako ghasia dhidi ya wageni za Mei 2008 zilianzia Alexandra, Johannesburg, na kuua watu 62. Huko duka la mtaani huitwa spaza. Dar es Salaam tungesema duka la Mangi. Wasomali, Waethiopia na Wabangladeshi wanamiliki mengi ya maduka hayo. Tunawatetea kwa kusema bei zao ni nafuu, wanafungua alfajiri na kufunga usiku, wanawalipa kodi ya pango wenyeji. Yote ni kweli. Watafiti waliochunguza kitongoji cha Delft, Cape Town, waliona jinsi wageni hao wanavyochanga mitaji na kununua jumla kwa pamoja. Lakini muulizeni mama mwenyeji aliyefunga duka lake la jirani: bei nafuu hiyohiyo ndiyo shtaka lake, na maumivu yake si ya kubuni. Sifa tunayoitoa kama utetezi inasomwa upande wa pili kama ushahidi wa hatia.

Ndiyo maana naithamini hukumu ya Septemba 2014. Mwaka 2012 polisi wa jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, walifunga maduka zaidi ya 600 ya wakimbizi na waomba hifadhi. Chama cha Wasomali kilikwenda mahakamani, na Mahakama Kuu ya Rufaa ikaamua kwamba mkimbizi au mwomba hifadhi asiye na njia nyingine ya kujikimu ana haki ya kuomba leseni ya biashara. Uamuzi ulisimama juu ya utu wa mtu, hata kama sukari yake ingekuwa ghali kuliko ya jirani.

Hukumu haikumaliza chuki. Mwaka 2024 watoto wasiopungua 22 wa Afrika Kusini walikufa kwa sumu iliyohusishwa na vyakula vya maduka ya spaza, na sita wa Naledi, Soweto, walikutwa na terbufosi, dawa ya kuulia wadudu mashambani. Rais Ramaphosa alieleza kwamba watu walinunua sumu za mitaani kwa sababu ya panya, na panya walizidi kwa sababu manispaa hazizoi taka. Alisema pia kwamba bidhaa zenye madhara zinaweza kuuzwa na wenyeji vilevile. Hata hivyo, makundi ya raia yalikwenda kufunga maduka ya wageni.

Kwetu Tanzania, amri ya Julai 2025 iliwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za rejareja, ufundi wa simu na uwakala wa fedha kwa simu. Malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, yaliyoitangulia yalikuwa na uzito, na dola ina mamlaka ya kutoa leseni. Ninaomba vikundi vyenu vijadili yanayofuata baada ya amri: nani ana ruhusa ya kukagua duka, anayefungiwa anapewa muda gani kuuza mali yake, na akionewa anakata rufaa wapi?